Maswali yenu: kupiga picha mlima Nyiragongo na watu wanaoishi chini yake

Wasomaji, barua za safari hii karibu zote zinazunguka Nyiragongo, ile volkano iliyo juu ya mji wetu wa Goma. Wengine wanataka picha nzuri tu ya kutuma kwa ndugu walio mbali, wengine wanataka kitu cha kubaki kwa watoto. Nimechagua barua sita, zile zenye shida ya wengi, na yale maswali ya bei ya aparei nimeyaacha kwanza.

Jambo yaya. Mi naishi Katoyi, kila asubui nikifungua mlango mlima iko pale mukubwa kabisa, lakini nikipiga na telefone inatoka kidogo kama kichuguu na mbingu yote nyeupe. Aparei sina na pesa ya kuinunua pia sina. Nifanye nini?

Jambo dada wa Katoyi. Telefone yako inatosha kabisa, usiichukie. Shida ni kwamba jicho la telefone limetengenezwa kubeba vitu vingi kwa mara moja, sasa linabeba nyaya za umeme, manjanja ya jirani, barabara, na mlima uliobaki huko nyuma unapata ka fasi kadogo tu. Kumbuka kilele kiko karibu kilometa 18 kutoka katikati ya mji. Kina urefu wa mita 3,470 na sisi huku tuko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo mlima unasimama juu yetu karibu mita 2,000. Ukubwa upo, wewe unautafuta vibaya.

Fanya hivi, na najua itakushangaza, usiukaribie mlima, rudi nyuma. Chagua kitu kimoja cha mbele, tuseme uzio wa mawe ya volkano au mti wa avoka, halafu jitenge nacho hatua hamsini, hatua mia, hadi kile kitu kiwe kidogo, njo sasa uvute na zumu mara mbili au tatu kama telefone yako iko na lensi ya pili. Mlima haujasikia hizo hatua mia zako, uko palepale na ukubwa wake, lakini uzio umepungua, kwa hiyo ukivuta vyote pamoja mlima unapanda nyuma ya uzio unajaza picha. Wale wanaopiga wakiwa wameegemea ukuta wenyewe, tena na ile lensi pana ya 0.5, wanaupunguza mlima kwa mikono yao. Na kama telefone haina lensi ya pili usivute hadi mara kumi, itaharibu, piga kawaida halafu ukate kando baadaye.

Ile mbingu nyeupe ni juu telefone inaangalia nyumba yenye giza inataka kuiangaza, mbingu inaungua. Gusa mbingu kwenye ekra, shika kidole hapo hadi ifunge, halafu shusha kale ka jua hadi uone mawingu yana umbo. Nyumba itakuwa nyeusi kidogo, hakuna shida, giza utaliinua baadaye, lakini mbingu iliyoungua hairudi tena.

Sasa saa, njo kitu kikubwa zaidi. Saa kumi na mbili asubui hadi saa moja na nusu, basi. Baada ya hapo mawingu yanaanza kujikusanya kwenye kilele na saa nne mara nyingi hakuna tena mlima wa kupiga. Na usingoje kiangazi ukifikiri jua kali ndio picha kali, mwezi wa sita hadi wa nane hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba na mlima unakuwa kivuli cha kijivu tu. Asubui nzuri kuliko zote ni ile ambayo mvua imenyesha usiku ikakatika kabla ya alfajiri, hewa imeoshwa, unaona hadi mikunjo ya mlima, na ukigeuka kulia kidogo Mikeno na Karisimbi ziko wazi pia. Ukisikia mvua inapiga manjanja saa nane za usiku, weka alamu.

Kuna jambo la jua ambalo watu hawaliangalii. Goma iko chini ya ikweta kwa kidogo sana, hata digri mbili hazifiki, na mlima uko kaskazini kwetu, kwa hiyo sisi tunaona uso wake wa kusini. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, mchana linakuwa kule upande wa mlima, uso unaotuangalia unabaki na kivuli. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza jua linapita kusini, nyuma ya mgongo wako, linaupiga mlima usoni. Lakini mi bado napenda asubui ya mwezi wowote, juu jua linatoka kulia linachora mlima kwa ubavu, njo unaona Shaheru, ile volkano ndogo iliyolala upande wetu, ikijitenga na mlima mkubwa. Mchana wenye mwanga wa juu Shaheru inapotea kabisa, na watu wanakaa miaka na miaka hapa mjini bila kujua kuna mbili pale. Kwa wale walio na aparei na filta ya polarizasio, hapo njo mahali pake: jua kulia, mlima mbele, pembe ya karibu digri 90, filta inakata ukungu na bluu inakuwa nzito.

Yaya, mi mwanafunzi wa Himbi. Kuna usiku mbingu juu ya volkano inakuwa nyekundu. Ninapiga inatoka nyeusi na ka alama kekundu bila mlima. Niko na aparei ya zamani ya mjomba.

Kadogo, aparei ya mjomba ni nzuri kabisa kwa kazi hii. Ule wekundu unaouona si moto wenyewe, ni mwanga wa lava iliyo ndani ya shimo, unapanda unapiga gesi na mawingu yaliyo juu yake. Kwa hiyo usiku usio na mawingu kabisa unaweza kuona kidogo tu, na mawingu yakishuka yakaufunika mlima huoni kitu. Tena baada ya mlipuko wa 2021 lile ziwa la lava lilikauka lote, wekundu umerudi polepole, kuna vipindi uko na kuna vipindi hauko.

Kosa ni kungoja giza limalize. Jua linazama karibu saa kumi na mbili, na huku kwetu giza linaingia haraka. Uwe tayari saa kumi na mbili na dakika ishirini, wakati mbingu bado iko na bluu nzito, ile bluu njo itakuchorea umbo la mlima, na wekundu tayari unaonekana. Una dakika kumi, kumi na tano hivi. Weka aparei kwenye trepye au juu ya ukuta na ka mfuko ka mchele chini yake, fungua lensi hadi mwisho, ISO 800, saniye 8 hadi 15, flashi uzime kabisa, na uweke kale ka kungojea ka saniye 2 ili kidole chako kisitikise. Fokasi ufanye kwa mkono kwenye taa ya mbali, aparei yenyewe gizani inatafuta tu haipati. Wenye telefone tumieni ile modi ya usiku, lakini telefone ilale juu ya kitu, mkono hauwezi.

Na piga ukiwa kwenu, kwenye parseli au juu ya nyumba. Usiku kuzunguka na aparei shingoni mimi siwezi kumshauri mtu yeyote.

Kitu kingine nakuomba kwa moyo wote. Usiongeze wekundu kwenye programu ya kurekebisha. Mtu wa nchi nyingine akiona picha nyekundu sana atasema nzuri, lakini mtu wa Goma anasoma picha hiyo tofauti. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho (Jumamosi) jioni, watu waliona mbingu imebadilika rangi wakabeba watoto na matela wakaanza kutembea, wengine kuelekea Sake, wengine mpaka Rwanda, na lava ilifika hadi Buhene ikasimama karibu kabisa na mji. Picha yako ikizunguka kwenye WhatsApp bila tarehe, nyekundu kuliko ilivyokuwa, kuna mama mahali fulani ataamsha watoto wake usiku huo. Kwa hiyo andika tarehe na saa juu ya picha yenyewe kabla ya kuituma, na kama ni ya zamani andika ni ya zamani.

Jambo ndugu mwandishi. Mimi ni mwalimu, niko Majengo. Na wanafunzi wangu tunataka kufanya maonyesho ya picha juu ya mlima na utamaduni wa watu wake. Tulienda sokoni kuanza, wamama wakakataa, mmoja alijifunika uso akawafokea watoto. Tulikosea wapi, na tupige nini?

Mwalimu, asante, barua yako njo imenifanya nikae nayo muda mrefu.

Yule mama ana haki na naomba wanafunzi waisikie hiyo kabla ya kushika aparei tena. Mji huu umepigwa picha sana siku za machozi. Mwaka 1994 wakimbizi walipoingia kwa mamia ya maelfu, 2002 lava ilipopita katikati ya mji, 2021 tena, na vita katikati ya yote hiyo, kambi, hema, foleni za maji. Watu walikuja, wakapiga, wakaenda, na yule aliyepigwa hakuona picha hata siku moja. Leo mtu akimuelekezea mama aparei bila salamu, mama anajua amechukuliwa tayari. Hata kama ni mwanafunzi wa kartiye, mama hawezi kujua.

Kwa hiyo anzeni bila aparei. Nendeni, bonjour mama, mambo ya soko vipi, nunueni hata nyanya za kidogo, semeni sisi wa shule fulani, mwalimu wetu ni huyu, tunafanya kazi hii, picha itatundikwa pale, je mama unakubali au hapana, na hapana iwe hapana, msirudi kumwomba mara tatu. Rudini kesho yake. Akikubali, pigeni, mumuonyeshe hapohapo kwenye ekra, na picha ya karatasi mumpelekee. Hiyo karatasi si zawadi, ni deni. Wapiga picha wa hapa kwetu ambao kazi yao inajulikana mbali, watu kama Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo, wametuonyesha kwamba picha za Kivu zinaweza kutengenezwa na mtu wa hapa anayejua watu wake, waonyesheni wanafunzi kazi zao.

Sasa mupige nini. Mi ningesema musianze na ngoma na mavazi ya sherehe, ingawa najua wengi wanafikiri utamaduni ni hiyo tu. Anzeni na mawe. Mlima umeshuka hadi mjini, uko chini ya miguu yetu. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inakimbia kuliko ya volkano nyingi, njo maana 1977 ziwa lote lilimwagika kwa muda usiofika saa moja na watu wa vijiji vya kando ya mlima hawakupata nafasi ya kukimbia, na tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilipita mjini hadi ikaingia ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuharibu kanisa kuu la Saint-Joseph. Halafu watu walifanya nini? Walirudi, lava bado ina joto, wakaanza kuivunja na nyundo. Uzio wa Goma, msingi wa nyumba za mbao, ngazi, kuta za makanisa, vyote vimejengwa na jiwe lilelile lililobomoa. Kuna nyumba za etaji ambazo chini pamebaki ndani ya jiwe na watu wakaendelea kuishi juu. Huo ni utamaduni wa mlima, na haujaandikwa vya kutosha. Mupige mikono ya wanaopasua mawe, mupige ukuta asubui wakati jua linapita kando na kila tundu la gesi kwenye jiwe linaonekana, na jiwe jeusi likilowa mvua ni zuri zaidi.

Baada ya mawe, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubeba mizigo. Njia ya kutoka Kibumba inashuka na viazi, mashu, makala, na wale vijana wamepiga goti moja juu ya ubao wanaongoza mzigo ambao mtu asiyeujua hawezi hata kuusukuma. Sanamu ya chukudu kwenye rond-point ipigeni kama mnataka, lakini mi ningewapeleka wanafunzi kwa fundi, wamuone akichonga gurudumu, akifunga mpira wa taili ya zamani kuzunguka mbao, wamuulize mti gani na kwa nini. Picha tano za fundi mmoja, kutoka gogo hadi chukudu inasimama, zinasema zaidi ya picha hamsini za barabarani. Kwa chukudu inayotembea telefone iko na shida ya haraka, kwa hiyo muifuate kwa kugeuza mwili wote pamoja naye huku munabonyeza, yeye atabaki wazi na nyuma patakuwa mistari.

Halafu wazee. Watu wa Bukumu wameishi na huu mlima kabla ya mji wenyewe kuwapo, na katika hadithi za hii eneo lote la volkano, upande wetu na upande wa Rwanda, Nyiragongo ni makao ya roho za waliokufa, na jina la Lyangombe, shujaa wa hadithi hizo, halikosi. Kuna wazee wanaosimulia na kuna wazee ambao kwa imani yao ya kanisa hawataki kuyataja, wote waheshimiwe. Msimwambie muzee avae ngozi ambayo hajavaa maisha yake yote. Mpigeni na koti lake na kofia yake, amekaa mlangoni pake, mlima nyuma kama unaonekana, na maneno yake muyarekodi kwenye telefone muyaandike chini ya picha vile alivyosema yeye, na kama amesema Kikumu muandike Kikumu, Kiswahili kifuate. Picha ya muzee bila maneno yake ni nusu.

Watoto wadogo msiwapige bila mzazi kujua. Walio kwenye kambi au waliokimbia vita msiwaweke kabisa kwenye maonyesho haya, kazi hiyo ni nyingine.

Je, inawezekana kupanda hadi kwenye shimo kupiga ndani? Na drone?

Hapana, na hapana. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, huwezi kuingia bila ruhusa ya ICCN, ile taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, na hali yenyewe ya usalama munaijua. Zamani watalii walipanda kutoka Kibati kwa saa nne hadi sita wakalala juu, siku hiyo ikirudi tutaandika. Drone usirushe mjini, hata kama umeipata zawadi. Tena musielekeze aparei kwa askari, kiwanja cha ndege, bandari, daraja, wala mpaka, hata kama mlima unaonekana vizuri sana pale nyuma.

Wanaopenda kwenda Lac Vert, Mugunga na Bulengo asubui mapema: kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, inakaa kwenye mashimo na fasi za chini, na usiku hadi alfajiri upepo ukikosekana inajaa zaidi, ile saa hasa ambayo wapiga picha wanapenda. Usishuke shimoni, usilale chini ili upate picha ya chini, na ukiona ndege au mijusi imekufa mahali pamoja ondoka upande wa juu. Wakaaji wanajua kila tundu, waulizeni kwanza.

Mbona munaongea Nyiragongo tu? Sisi wa Bukavu tuko na Kahuzi.

Kweli, na Kahuzi ni rahisi kuliko wetu kwa mwanga. Iko magharibi na kaskazini ya mji, mita 3,308, na Biega pembeni yake mita 2,790, kwa hiyo jua la asubui linapiga uso unaouangalia moja kwa moja, na jioni jua linaingia nyuma yake unapata umbo jeusi safi juu ya mbingu ya rangi. Jioni chagua fasi ambayo maji ya ziwa yako mbele.

Juu ya urithi, kumbuka ule msitu una watu wake. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, na ilipopanuliwa katika miaka hiyohiyo ya sabini Watwa waliokuwa wakiishi ndani walitolewa, na jambo hilo halijaisha hadi leo. Ukienda kwao kwa picha, nenda kwa kutumwa na mtu wanaomwamini, uwasikilize kwanza, na usiwalipe wacheze ngoma mbele ya aparei kisha uite hiyo maisha yao. Na wenye kuchukua boti ya usiku kuja Goma, amkeni kabla ya kufika, mkae upande wa mbele. Asubui yenye hewa safi Nyiragongo inatoka juu ya maji polepole, na sisi tunaoishi huku hatuwezi kuipata kutoka barabarani.

Baba aliacha picha za karatasi za 2002, nyumba yetu kabla na baada ya lava. Zinaanza kushikamana na kubadilika rangi. Naomba msaada.

Dada yangu, pole sana kwa baba. Usizivute zilizoshikamana, utang'oa uso wa picha. Zile zinazotoka zenyewe zitoe kwenye albamu ya plastiki, uweke kila moja kati ya karatasi nyeupe kavu, ndani ya boksi la karatasi, juu ya kabati na mbali na ukuta, juu ukuta wa Goma unavuta maji. Zilizoshikamana mpe fundi wa studio ya zamani, si kijana wa kuchapisha picha za pasi.

Halafu nakili zote na telefone. Laza picha mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, flashi uzime, telefone iwe sambamba na meza, na ukiona picha inang'aa geuza meza kidogo hadi mng'ao uondoke. Piga na mgongo wa picha pia, mara nyingi kuna mwandiko. Tuma nakala kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti.

Kabla ya yote hayo kaa na mama, au shangazi, au jirani wa wakati ule, umuonyeshe moja moja: huyu ni nani, hii avenyu ni gani, lava ilitokea upande gani, mlango ulikuwa wapi. Andika na kalamu ya risasi, polepole, nyuma kwenye pembe, usitumie biki, wino unapenya hadi mbele. Fanya wiki hii kama mama yuko na nguvu ya kukaa.